Bima ya Afya Nchini Marekani: Somo la Hesabu na la Lugha

Bima ni mpango ambao watu wengi huchanga fedha kidogo kidogo ili wachache watakaopatwa na hasara kubwa wasiibebe peke yao. Wazo hili si geni katika Afrika Mashariki: vyama vya kuzikana na michango ya ugonjwa vimejengwa juu ya msingi huo huo. Tofauti ni kwamba bima ya afya huendeshwa kwa mkataba ulioandikwa, kwa hesabu, na kwa msamiati wake wenyewe. Pale msamiati huo unapokuwa wa lugha ya kigeni, mgonjwa huweza kuwa na haki asiyoijua, au akadhani ana haki asiyokuwa nayo.

Makala haya yanaeleza bima ya afya kama inavyotumika Marekani. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, utaratibu wake una sehemu nyingi kuliko wa nchi nyingine tajiri, na kwa hiyo huonyesha vizuri kanuni za bima. Pili, wasemaji wengi wa Kiswahili wamehamia huko, hasa wakimbizi kutoka Kongo waliopitia makambi ya Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Katika madarasa ya Kiingereza wanayohudhuria, bima na hospitali ni miongoni mwa masomo ya mwanzo kabisa.

Msingi wa hesabu

Tuseme watu 1,000 wamejiunga pamoja, na kwamba kwa kawaida watu 20 kati yao hulazwa hospitali kila mwaka, kila mmoja kwa gharama ya dola 5,000. Gharama yote ni dola 100,000. Ikigawanywa kwa watu wote 1,000, kila mtu atatoa dola 100. Hakuna ajuaye nani atakuwa miongoni mwa wale 20; lakini idadi yao inaweza kukisiwa.

Makisio hayo huwa bora kadiri kundi linavyokuwa kubwa. Katika kundi la watu 50 hutarajiwa mgonjwa mmoja, lakini si ajabu wakatokea watatu, na mfuko ukafilisika. Katika kundi la watu 100,000 hutarajiwa wagonjwa 2,000, na aghalabu idadi halisi haitapita 100 juu au chini ya hapo, yaani 5 kwa mia. Hii ndiyo kanuni ya idadi kubwa, iliyothibitishwa na mwanahisabati wa Uswisi, Jakob Bernoulli, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake.

Kanuni hiyo ina masharti. Ugonjwa wa mtu mmoja usitegemee ugonjwa wa mwingine. Ndiyo maana maradhi ya mlipuko huvuruga hesabu za bima. Tena, kundi lisiwe la wagonjwa watupu. Ikiwa wenye afya watajitoa na wale 20 wakabaki peke yao, kila mmoja atalazimika kutoa dola 5,000, na bima itakuwa haina maana tena.

Jinsi utaratibu ulivyokua

Bima ya afya iliyowekwa kwa sheria ya taifa ilianza Ujerumani mwaka 1883, wakati wa Bismarck. Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka 1929, katika mji wa Dallas, walimu wa shule waliingia katika mpango na hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor: kila mwalimu alitoa senti 50 kwa mwezi, na akiugua alikuwa na haki ya kulazwa hadi siku 21. Kutokana na mpango huo wa walimu yalizaliwa mashirika ya bima ya Blue Cross.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilizuia mishahara isipande. Waajiri waliotaka kuvuta wafanyakazi wakaanza kuwapa bima ya afya badala ya nyongeza ya mshahara, na desturi hiyo ikabaki. Hadi leo Wamarekani wengi wasio wazee hupata bima kupitia kazi. Apotezaye kazi huweza kupoteza na bima.

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha mipango miwili ya serikali ambayo majina yake hufanana na huwachanganya wageni. Medicare ni ya wazee waliotimiza miaka 65, na baadaye ilipanuliwa kwa baadhi ya walemavu. Medicaid ni ya watu wa kipato kidogo. Hugharimiwa na serikali kuu pamoja na majimbo, na kwa hiyo masharti yake hutofautiana toka jimbo hadi jimbo. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imepunguza aina za wahamiaji wanaoweza kupokelewa katika Medicaid kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi wakiwa miongoni mwa walioguswa.

Hatua nyingine kubwa ilikuwa sheria ya mwaka 2010. Tangu mwaka 2014, kwa nguvu ya sheria hiyo, mashirika hayawezi kumnyima mtu bima ya afya ya kawaida kwa sababu alikuwa mgonjwa kabla ya kujiunga. Kadhalika, kijana huruhusiwa kubaki katika bima ya mzazi wake mpaka atimize miaka 26.

Maneno ya mkataba

Ugumu wa mwanafunzi wa Kiingereza hautokani na maneno asiyoyajua tu, bali na yale anayodhani anayajua. Neno "premium" amelizoea kwenye vituo vya petroli, likimaanisha mafuta ya daraja la juu. Katika bima ni ada anayolipa kila mwezi, awe mgonjwa au mzima. Neno "deductible" limetokana na kitenzi chenye maana ya kutoa au kukata; mgeni hudhani ni punguzo atakalokatiwa. Ukweli ni kinyume: ni kiasi ambacho mgonjwa hulipa kwanza mwenyewe katika mwaka, kabla shirika halijaanza kuchangia sehemu kubwa ya matibabu. Hapa kitaitwa kizingiti.

Baada ya kizingiti kuvukwa, gharama hugawanywa kati ya shirika na mgonjwa kwa asilimia iliyoandikwa katika mkataba. Sehemu ya mgonjwa itaitwa mgawo. Mwisho kuna kikomo cha mwaka: fedha alizotoa mgonjwa kwa kizingiti na mgawo zikifika hapo, shirika hulipa yote yaliyosalia kwa huduma zilizomo katika mkataba. Ada ya kila mwezi haihesabiwi katika kikomo hicho.

Mfano: Mtu ana mkataba wenye ada ya dola 300 kwa mwezi, kizingiti cha dola 1,500, mgawo wa asilimia 20, na kikomo cha dola 4,000. Mwezi Machi anapasuliwa. Hospitali inataja bei ya dola 14,000, lakini bei iliyokubaliwa kati yake na shirika ni dola 10,000.

Kizingiti: dola 1,500.
Kiasi kinachobaki: 10,000 - 1,500 = dola 8,500.
Mgawo: asilimia 20 ya 8,500 = dola 1,700.
Mgonjwa atalipa: 1,500 + 1,700 = dola 3,200.

Mwezi Septemba analazwa tena, na bei iliyokubaliwa ni dola 20,000. Kizingiti kimekwisha kuvukwa. Asilimia 20 ni dola 4,000, lakini mpaka kufikia kikomo zimebaki dola 800 tu. Hizo ndizo atakazolipa. Kwa mwaka mzima atakuwa ametoa dola 4,000 kwa matibabu na dola 3,600 za ada, jumla dola 7,600, kwa matibabu yaliyogharimu dola 30,000.

Hospitali zilizokubaliana bei na shirika huitwa mtandao wa shirika hilo. Mgonjwa anayekwenda nje ya mtandao kwa hiari yake huweza kudaiwa zaidi, au kudaiwa bei yote. Baada ya matibabu, shirika humpelekea karatasi ya maelezo inayoonyesha bei, sehemu ya shirika na sehemu ya mgonjwa. Karatasi hiyo si hati ya madai, na aghalabu huandikwa hivyo. Hata hivyo wapo wageni ambao kwa hofu huilipa mara moja, na wengine ambao huitupa pamoja na hati ya kweli inayofuata.

Kwa ugonjwa wa ghafla unaohatarisha maisha, sheria ya mwaka 1986 huzitaka hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za Medicare kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake, bila kujali uwezo wake wa kulipa. Sheria hiyo haiyafanyi matibabu kuwa ya bure: hati ya madai huja baadaye.

Neno moja na matokeo yake

Mwaka 1980, katika jimbo la Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania cha Kuba, walisema yu "intoxicado", yaani amedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Madaktari walilisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakaelewa kwamba ametumia dawa za kulevya kupita kiasi, nao wakamtibu hivyo. Kumbe alikuwa anavuja damu ndani ya ubongo. Ilipogunduliwa, siku zilikuwa zimepita, na kijana akapooza mikono na miguu yote. Fidia iliyokubaliwa kwa maisha yake yote ilikadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 71. Mkalimani hakuitwa, kwa kuwa kila upande uliamini umeelewa.

Kiswahili nacho kina mitego ya namna hiyo. Mtu asemaye "nina presha" ana maana kwamba shinikizo la damu limepanda. Akitafsiri neno kwa neno, daktari wa Kimarekani ataelewa kwamba ana mashaka ya maisha. Kiswahili huita "mguu" kile ambacho Kiingereza hukigawa kwa majina mawili, juu na chini ya kifundo. Vivyo hivyo "mkono". Neno "dawa" hubeba maana ya tiba, ya sumu ya wadudu na ya vitu vya kulevya.

Kwa sababu hiyo mkalimani si anasa. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa katika huduma zinazopokea fedha za serikali kuu. Sheria ya mwaka 2010 na kanuni zake zinazitaka hospitali hizo kutoa mkalimani mwenye ujuzi bila malipo, na kutomtumia mtoto kutafsiri isipokuwa katika dharura. Mwezi Machi 2025 amri ya rais ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyohusu huduma za lugha. Lakini sheria zilizotungwa na Bunge haziondolewi kwa amri ya rais. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ambayo mwanafunzi wa Kiingereza anapaswa kuijua mbele ya daktari ni fupi: "Naomba mkalimani wa Kiswahili."

Maswali

1. Mkataba una kizingiti cha dola 1,000, mgawo wa asilimia 10 na kikomo cha dola 3,000. Mgonjwa anatibiwa kwa dola 6,000, na baadaye katika mwaka huo huo kwa dola 18,000. Atalipa kiasi gani kila mara?
2. Eleza kwa nini mfuko wa bima hauwezi kudumu ikiwa watu hujiunga siku wanapougua tu.
3. Kwa nini maradhi ya mlipuko huvuruga kanuni ya idadi kubwa?
4. Taja maneno matano ya Kiswahili yahusuyo mwili au maradhi ambayo yakitafsiriwa neno kwa neno huweza kumpotosha daktari. Kwa kila neno, andika maelezo kamili ambayo mgonjwa angepaswa kuyatoa.