Habari ya Jina na Cheti

Ndugu wasomaji, mlioko Pemba mwajua jinsi herufi chache zinavyoweza kumsumbua mtu. Akiandikwa Hamadi katika cheti cha kuzaliwa na Ahmed katika cheti cha shule, karani humrudisha nyumbani. Basi, itakuwaje kwa mtu ambaye si jina lake tu, bali hata ile alama ya ME au KE haipatani na jinsi ajijuavyo na aishivyo?

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili, maana wengi huyachanganya. Huntha ni mtu ambaye tangu kuzaliwa viungo vyake havionyeshi wazi kama ni mwanamume au mwanamke. Vitabu vya sheria ya Kiislamu vyamtaja tangu zamani. Mwingine ni yule ambaye alipozaliwa hapakuwa na shaka juu ya mwili wake, lakini nafsi yake yamwambia vingine. Kesi za namna zote mbili ziliamuliwa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014.

Audrey Mbugua alifanya mtihani wa mwisho wa sekondari mwaka 2001, naye aliitwa Andrew. Baadaye alibadili jina kwa hati ya kisheria, akaliomba Baraza la Mitihani la Kenya limwandikie cheti kipya. Likakataa. Mwenye sura ya kike na cheti cha kiume, nani atamwajiri? Kila alikokwenda angedhaniwa ameiba cheti cha mwingine. Jaji Weldon Korir alizisoma kanuni za Baraza lenyewe, akaona kwamba hazilazimishi alama ya jinsi kuandikwa, tena zaruhusu cheti kurudishwa kisahihishwe. Na kweli, maksi hazitolewi kwa sababu mtu ni mume au mke. Tarehe 7 Oktoba akaamuru cheti kitolewe kwa jina la Audrey, bila alama ile, katika siku 45. Lakini angalieni: hakuamuru aandikwe mwanamke. Alama iliondolewa tu, na cheti cha kuzaliwa hakikuguswa na kesi hiyo.

Kesi ya pili ilikuwa ya mtoto huntha aliyezaliwa mwaka 2009. Hospitali ilitia alama ya kuuliza mahali pa jinsi, naye akakaa bila cheti cha kuzaliwa. Mwezi wa Desemba Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali ieleze hatua itakazochukua kwa ajili ya watu kama hao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu mahuntha 1,524.

Hukumu hizo hazimfungi karani wa Wete. Wala ofisi ya vyeti ya Bara haina amri juu ya cheti cha mzaliwa wa Pemba. Zanzibar ina Wakala wake wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2018.

Kwa hiyo mwalimu wa usharika akijiwa na mtu mwenye shida hii, asimwahidi kwamba hati ya ubatizo itashika mahali pa cheti cha serikali. Wala asifute neno katika kitabu cha ubatizo. Kitabu kilichofutwa hakiaminiki tena hata kwa wengine walioandikwa humo. Amwelekeze kwa wakili. Tena asiisimulie habari yake mlangoni pa kanisa, kwa maana katika kisiwa chetu neno lililonenwa Chake Chake asubuhi hufika Mkoani kabla ya adhuhuri, na mtu huyo hana budi kuendelea kuishi hapa.