Kufuma Kunaweza Kunifundisha Imani?

SWALI: Nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia kila jioni. Mwenzangu wa jumuiya anasema huo ni muda ninaomnyima Mungu. Je, ni kweli?

JIBU: Hapana, dada yangu. Soma Kutoka sura ya 31. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho yake ili achonge, achore na kutengeneza vyombo vya hema la kukutania. Kazi ya mikono ilihesabiwa kuwa karama.

Na kufuma kuna mafunzo yake. Wewe unajua: ukiruka tundu moja katika mzunguko wa tatu, huenda usilione hadi wa sita, kitambaa kinapoanza kujikunja ukingoni. Kuvuta kwa nguvu hakusaidii. Unafumua mpaka pale ulipokosea, kisha unaendelea na uzi uleule, hautupwi. Mimi sijaona mfano wa toba unaoeleweka upesi kuliko huo. Toba hurudi mahali penyewe, na Mungu haanzi na mtu mwingine.

Ila usilazimishe kila tundu litoe mahubiri. Kufurahia kazi nzuri kwatosha.

Kisha fungua Matendo sura ya 9. Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Kwa hiyo kabla ya kuanza kitambaa kijacho, amua ni cha nani, na umwombee huyo unapofuma. Kofia ya mtoto mchanga wa jirani yafaa kuwa ya kwanza.