Utunzaji wa Punda na Nyumbu Wakati wa Kipupwe

Mtu apitaye River Road mjini Nairobi asubuhi ya mwezi wa Julai huona jinsi wanadamu wajuavyo kujikinga na baridi. Wasukumao mikokoteni wamevaa makoti mazito, wauzao chai wamejitanda shuka, na wasafiri washukao katika magari wamevuta kofia mpaka masikioni. Jua halionekani, mawingu yametanda tangu alfajiri, na manyunyu huanguka kidogo kidogo. Huo ndio wakati wa kipupwe, ambao katika Nairobi huanza mwezi wa Juni na kwisha Agosti.

Mtu huyo akitoka hapo akaelekea magharibi mpaka Kawangware, Kangemi na Dagoretti, atamkuta mfanyakazi mwingine ambaye hana koti. Huyo ni punda. Tangu mapambazuko huvuta gari lenye mitungi ya maji, au magunia ya makaa, au mchanga wa kujengea, naye amelowa mgongo mzima. Jioni mwenyewe humfungua, akamfunga kando ya ukuta au akamwacha njiani ajitafutie chakula, kisha yeye akaingia ndani kuota moto. Yafaa kila mwenye punda ajue kwa nini desturi hiyo humtia hasara, na mambo ya kufanya ili mnyama wake aumalize msimu wa baridi akiwa na nguvu.

ASILI YA PUNDA

Punda wa kufugwa hutokana na punda-mwitu wa pande za kaskazini-mashariki ya Afrika, nchi kavu yenye jua kali na mvua haba. Watu walianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwa sababu ya asili hiyo punda huvumilia kiu na jua kuliko farasi, lakini hakuumbiwa mvua ya baridi.

Manyoya ya mnyama humkinga na baridi kwa kuishika hewa iliyo katikati yake. Yakilowa hulala juu ya ngozi, ile hewa ikatoka, na ujoto wa mwili ukatoka pamoja nayo. Mtu aliyepata kulala na blanketi lililolowa hahitaji kufundishwa jambo hili. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapwa mwaka 2018 ulilinganisha manyoya ya punda, nyumbu na farasi kwa majira mbalimbali ya mwaka. Ilionekana kwamba farasi huota manyoya mengi majira ya baridi yakija, lakini manyoya ya punda hayabadiliki sana. Nyumbu yu katikati ya hao wawili.

Baridi kavu peke yake haimwangushi punda mzima aliyeshiba. Hatari huja mambo matatu yakutanapo: maji, upepo na njaa. Mwenye punda hawezi kuyaondoa mawingu ya Julai, lakini mambo hayo matatu yote yamo mikononi mwake.

NYUMBU WA KUFUGWA

Jina la nyumbu lina maana mbili. Liko kundi la nyumbu wa porini waonekanao katika mbuga ya wanyama ya Nairobi, nao si jamaa ya punda hata kidogo. Nyumbu wa kufugwa, ambaye wengine humwita baghala, ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Ana nguvu kuliko punda na uvumilivu kuliko farasi, ila yeye mwenyewe hazai.

Mnyama huyu ana sehemu katika habari za mji wa Nairobi. Mwaka 1896, miaka mitatu kabla ya reli kufika, palifanywa kituo kidogo cha kupumzishia ng'ombe na nyumbu wa safari karibu na mto ule ule ulioipa River Road jina lake. Leo nyumbu ni wachache katika Kenya, na kazi yao imeshikwa na punda. Aliye naye nyumbu amtunze kwa mafundisho haya haya, akiongeza tahadhari moja itakayotajwa mbele.

KAZI YA JIONI

Saa moja ya kwanza baada ya kazi ndiyo kubwa kuliko zote. Punda akifika nyumbani amelowa, afunguliwe mara moja, atiwe mahali pasipo upepo, kisha asuguliwe kwa nguvu na konzi ya majani makavu au kipande cha gunia kikavu. Kusugua kuanze shingoni, kuje mgongoni na mbavuni, na kumalizikie miguuni. Huikausha ngozi, hutembeza damu, na tena humpa mwenyewe nafasi ya kuona kidonda au uvimbe ambao mchana hakuuona.

Watu wengine humfunika punda kwa gunia akiwa bado amelowa. Hilo ni kosa. Akaushwe kwanza, ndipo afunikwe kwa kitu kikavu. Na kifuniko kikilowa usiku kiondolewe asubuhi, kianikwe. Wanyama wakongwe, watoto, wagonjwa na waliokonda ndio wanaohitaji kifuniko kuliko wengine.

BANDA

Banda la punda si nyumba ya gharama kubwa. Mabati machache ya juu na kuta tatu za mbao au mabati makuukuu hutosha, mradi ule upande ulio wazi usielekee kule upepo utokako. Kwa punda wawili, nafasi ya futi kumi kwa kumi ni ya kiasi kizuri, maana kila mmoja ataweza kulala na kugeuka. Punda hapendi upweke, na wawili waliozoeana hutiana joto.

Sakafu iinuliwe kwa udongo wa moramu au changarawe, na mfereji mdogo uchimbwe kuzunguka banda ili maji yasiingie. Juu yake yatandazwe majani makavu au vumbi la mbao, na sehemu iliyolowa iondolewe kila siku. Mkojo ukikusanyika hutoa harufu kali ichomayo mapafu. Kwa sababu hiyo banda lisizibwe kabisa; iachwe nafasi karibu na paa ili hewa ipite juu ya mnyama bila kumpiga mwilini.

Jiko la makaa lisiwekwe bandani. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua wanyama kama iuavyo wanadamu waliofunga milango na madirisha wakalala na jiko. Tena cheche moja katika majani makavu yatosha kuteketeza banda na nyumba ya jirani.

CHAKULA NA MAJI

Ndani ya tumbo la punda liko jiko ambalo halina hatari. Majani makavu, mabua ya mahindi na mabua ya ngano yafikapo katika utumbo mpana huchachuka polepole, na katika kuchachuka huko hutoa joto usiku kucha. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya baridi ni lishe ya majani makavu itiwayo bandani kabla ya giza. Punda mwenye uzito wa kilo 150 huhitaji kama kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kila siku, na yule avutaye gari kutwa huhitaji zaidi, hasa siku za baridi.

Asidhani mtu kwamba ndoo ya mahindi itafanya kazi hiyo upesi zaidi. Nafaka nyingi kwa mara moja huleta msokoto wa tumbo na ugonjwa wa kwato, na punda aliyeumia kwato hawezi kazi. Vile vile mabua yaliyoota ukungu kwa unyevu yatupwe; yana sumu. Na punda aachwaye ajitafutie chakula majalalani hula mifuko ya plastiki pamoja na maganda. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi wa Agosti 2017, walakini taka za namna hiyo hazijaisha katika majalala, na zikiziba utumbo mara nyingi mwisho wake ni kifo.

Maji nayo husahauliwa wakati wa baridi. Punda huchukia maji baridi sana, akanywa kidogo, na chakula kikavu kikakwama tumboni. Maji yake yachanganywe na ya moto kidogo, yawe ya uvuguvugu, na jiwe la chumvi liwe karibu. Kwa punda wa kazi, mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku ni kipimo cha kufaa. Ni aibu mnyama aliyepeleka mitungi mingi katika nyumba za watu alale usiku bila mmoja wa kwake.

MZIGO, KWATO NA MAGONJWA

Gari linalovutwa katika matope huwa zito kuliko likiwa njia kavu, ingawa mzigo ni ule ule. Kwa hiyo siku za matope mzigo upunguzwe. Mikanda ya gari iwe mipana na laini. Kamba ya nailoni iliyolowa hukata ngozi kama kisu. Vitambaa viwekwavyo chini ya mikanda vikaushwe kila usiku. Mwenye punda akumbuke pia kwamba sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, hukataza kumtwika mnyama kupita kiasi na kumtumikisha akiwa mgonjwa au amejeruhiwa.

Kwato zikikaa katika tope hulainika na kuoza. Kila jioni tope na vijiwe viondolewe kwa chuma butu chenye ncha iliyopindwa, na kwato zikatwe na fundi ajuaye kazi hiyo kila baada ya wiki sita hadi kumi. Daktari wa mifugo aulizwe juu ya dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda, maana tope na vidonda ni njia ya ugonjwa huo.

Ile tahadhari ya nyumbu ni hii: baada ya mvua ya masika visubi huzidi, navyo huchukua maradhi ya farasi yaitwayo tauni ya farasi. Punda huyavumilia sana, lakini nyumbu aweza kufa. Kwa hiyo nyumbu aingizwe bandani kabla ya jua kuchwa, na daktari aulizwe juu ya chanjo.

DALILI ZA HATARI

Punda hufichaficha maumivu yake. Aonekanapo anatetemeka, amejikunja mgongo, masikio ni baridi na kichwa kimeinama, ujue ya kuwa baridi imekwisha kumwingia. Akikataa chakula siku nzima, asingojewe mpaka kesho. Mwili wa punda mwenye njaa huyayusha mafuta yake kwa wingi, yakajaa katika damu na kuharibu ini, na hapo kumwokoa ni vigumu. Daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Tuseme wako majirani wawili Dagoretti, kila mmoja ana punda mmoja wa kuvuta maji. Jioni ya mvua mmoja humsugua punda wake, humpa majani makavu na maji ya uvuguvugu. Mwenziwe humcheka, "Ndugu yangu, wamwogesha mtoto? Punda afe, mzigo ufike!" Yule wa kwanza humjibu, "Mzigo wa leo utafika, ndugu. Na wa kesho utabebwa na nani?" Mwisho wa Julai punda wa yule mcheshi aanza kukohoa, akalala chini, asiinuke. Mwezi wa Agosti kodi ya nyumba yadaiwa, ada ya shule yadaiwa, na gari limeegemezwa ukutani halina wa kulivuta.

Wala si rahisi siku hizi kupata punda mwingine. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha punda milioni 1.8 katika Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha milioni 1.2 hivi. Katika miaka hiyo yalifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya biashara ya ngozi zipelekwazo China, na punda wengi waliibwa usiku. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaliondoa katazo hilo mwaka 2021, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuizuia biashara ya ngozi za punda barani. Kwa hiyo banda lenye mlango na kufuli lina faida mbili, maana humzuia mwizi pamoja na baridi.

Husemwa kwamba asante ya punda ni mateke. Lakini mwenye kumtunza vizuri hupata asante ya namna nyingine: kila asubuhi ya kipupwe, watu wakiwa bado wamejikunyata, punda wake husimama tayari mbele ya gari, mkavu na ameshiba. Basi, wewe mwenye punda, utakapofika nyumbani jioni ya leo na mvua inanyesha, usianze kuota moto mpaka umempangusa mwenzako wa kazi.