Tabochaja na Gia za Mkono

Injini huchoma mafuta kwa oksijeni iliyomo hewani. Ikipata hewa nyingi zaidi, yaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu kubwa zaidi. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha uvumbuzi wa kuitumia gesi ya moshi kwa kazi hiyo. Gesi hiyo huzungusha gurudumu lenye mapanga, nalo, kwa mhimili mmoja, huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini. Katika gari dogo mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Injini ikizunguka polepole, gesi huwa kidogo na tabochaja haifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo dereva apandapo mlima asing’ang’anie gia ya nne huku akikanyaga mafuta. Na arudi gia ya tatu mapema, kabla mwendo haujaanguka: mizunguko itaongezeka, na hewa itashindiliwa.

Baada ya kupanda mlima mrefu, asizime injini papo hapo. Oili isipozunguka, ile iliyobaki kwenye mhimili wenye joto kali yaweza kuungua na kuuharibu. Aiache injini izunguke polepole kwa dakika moja au mbili.

Swali: Mjini Mbeya, penye kimo cha mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. Kwa nini injini isiyo na tabochaja hudhoofika zaidi huko?