Ruba wa Manyoya na Kambare wa Nakivale

Wanafunzi wenzangu, watu wengi hapa Nakivale humwona mvuvi wa ndoana kuwa mtu mvivu aliyekosa kazi. Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka nilipojaribu mwenyewe nikashindwa. Leo nataka kuwaeleza jinsi ya kutengeneza ruba wa manyoya, na kwa nini chambo kinachofaa katika ziwa moja huenda kisifae katika ziwa jingine.

Habari hii ilianza kwa jirani yetu, mzee mmoja ambaye zamani alifanya kazi Nanyuki, nchi ya Kenya, akiwachukulia mizigo wageni waliokwenda kuvua trauti katika maziwa ya Mlima Kenya. Trauti si samaki wa asili wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Uskochi, na samaki wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Hupenda maji ya baridi, kwa kuwa maji ya baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya moto.

Mzee alinieleza kwamba katika maziwa yaliyotulia trauti hula ruba. Ruba ana mwili wa pingili, na vikombe viwili vya kujishikiza, kimoja mbele na kimoja nyuma. Si ruba wote wanyonyao damu. Wengine hula konokono na minyoo. Aogeleapo hujinyosha kama utepe, akapanda na kushuka kama wimbi. Mwendo huo ndio mvuvi anaouiga.

Vifaa ni hivi: ndoana yenye shina refu, uzi mweusi wa kushonea, waya mwembamba wa shaba, sufu nyeusi, manyoya laini ya bata mzinga, na rangi ya kucha. Wavuvi wa Ulaya huyaita manyoya hayo marabu, kwa sababu zamani yalitoka kwa yule korongo mwenye upara tunayemwona majalalani Mbarara, ambaye Waganda humwita kaloli. Kaloli mwacheni, bata mzinga atosha.

Kwanza, bana ndoana katika jiliwa. Kama huna, tumia koleo, ukafunge mipini yake kwa mpira. Pili, zungusha waya wa shaba mara kumi nyuma ya tundu la ndoana, ili kichwa kiwe kizito. Tatu, funga kishungi cha manyoya kiwe mkia, urefu wake sawa na shina la ndoana. Ukizidisha, samaki atauma mkia na kuiacha ndoana. Nne, zungusha sufu kutoka mkiani mpaka kichwani, kisha ukaze kwa uzi. Tano, piga mafundo matatu, kata uzi, upake rangi ya kucha, uache ikauke.

Ukisha kutupa, ngoja chambo kizame. Vuta urefu wa kiganja, pumzika, vuta tena. Ukivuta, kichwa hupanda. Ukipumzika, kichwa hushuka na mkia hupepea. Mara nyingi trauti huuma wakati chambo kinaposhuka.

Sasa nieleze kosa langu. Mama alinipa shilingi 10,000 nikanunue madaftari Mbarara. Mimi nikanunua ndoana na mshipi, nikijiambia kuwa nitauza samaki na kurudisha fedha kabla hajajua. Siku tatu nilivua ziwani Nakivale, nisipate hata mmoja. Mama hakunipiga. Aliuliza tu, "Mwanangu, madaftari yako wapi?" Swali hilo lilinichoma kuliko fimbo.

Nikaenda kwa mzee, nikamwambia, "Mzee, ruba wako amenidanganya." Akacheka, akasema, "Kijana wangu, ruba hana kosa. Je, wajua kambare hutafutaje chakula chake?"

Sikujua. Basi nikaenda mwaloni, ambako akina mama hupasua samaki, nikamtazama kambare vizuri. Macho yake ni madogo, lakini ana sharubu nane. Hapo nikafahamu. Trauti huwinda kwa macho katika maji maangavu. Maji ya Nakivale yana tope, na kambare hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa. Ruba wangu alikuwa na mwendo mzuri, lakini hakuwa na harufu.

Nikatia kipande cha nyungunyungu katika ncha ya ndoana, nikaacha izame mpaka chini, nikavuta polepole zaidi. Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, nikapata kambare mwenye urefu wa kutoka kiko changu mpaka vidoleni. Tulimwuza, na fedha zikanunua madaftari.

Lakini nilitaka kujua kama manyoya yalisaidia. Siku iliyofuata nilitega mishipi miwili: mmoja wenye ruba na nyungunyungu, wa pili wenye nyungunyungu peke yake. Wa kwanza ulipata kambare mmoja, wa pili wawili. Siku moja haitoshi kuwa ushahidi, lakini yanipasa kukiri kuwa manyoya niliyoyanunulia uzi kwa fedha za Mama huenda hayakufaa kitu.

Mkitaka kujaribu, shikeni mambo matatu. Ulizeni kwanza ofisi ya uvuvi juu ya ruhusa. Ondokeni ufuoni kabla ya giza, maana viboko hutoka majini jioni kwenda kula majani. Tena jihadharini na miiba ya mapezi ya kambare. Na kabla ya kununua ndoana, mtazameni kwanza samaki mwenyewe. Kumtazama hakuna gharama, wala hakuhitaji fedha za madaftari.