Joto la Usiku Huanza Mchana

Watu wa Kanyangi, katika Kitui, na jirani zao wa Makueni ng'ambo ya Mto Athi, wanaijua sana miezi ya joto inayotangulia mvua. Jua huchwa, lakini joto haliondoki. Mtoto hulia, mzee hugeuka kitandani mpaka jogoo awike, na mwenye shamba hulishika jembe akiwa amekwisha kuchoka. Wengi husema, "Ni majira tu, yatapita." Kweli yatapita, lakini joto la usiku laweza kumdhuru mtu, na sehemu kubwa ya joto hilo tumelihifadhi wenyewe ndani ya nyumba zetu. Basi yafaa tujifunze jinsi jambo hili liwavyo, na jinsi ya kulipunguza.

Nyumba hunywa joto

Kanyangi iko kusini kidogo ya ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kila mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Siku zilizo karibu na nyakati hizo, paa ndilo lipigwalo na jua kuliko ukuta wowote. Bati ni jembamba. Hupata moto upesi na kuupitisha ndani. Kuta za matofali hulinywa joto hilo mchana kutwa, kama mafiga ya jikoni, na huendelea kulitoa hata baada ya jua kuchwa. Ndiyo sababu saa tatu za usiku nje huwa pamepoa, na ndani ni kama tanuri. Mawingu yakitanda huwa vibaya zaidi, maana huzuia joto la ardhi lisipande juu, kama blanketi.

Nyumba ya msonge ya wazee wetu haikuwa na shida hiyo sana, kwa kuwa nyasi nene hazipitishi joto upesi. Hatusemi kwamba watu waache mabati, maana bati hudumu, tena hutukingia maji ya mvua. Twasema tu kwamba bati lataka kusaidiwa.

Tena dunia yenyewe inazidi kupata joto. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyopata kupimwa. Kwa hiyo usiku wa namna hii tuutazamie zaidi, wala si kidogo.

Mwili hutaka kupoa

Utazame mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Mwili wa mtu hufanya vivyo hivyo kwa jasho, ili joto lake lisipite sana digrii 37. Usiku ndio wakati wa kupumzika kazi hiyo. Chumba kikiwa na joto na hewa imetulia, moyo huendelea kutaabika usiku kucha. Kijana aweza kuvumilia. Mzee, mtoto mchanga, mama mjamzito na mgonjwa wa moyo huumia.

Hili si jambo dogo. Agosti 2003, katika Ufaransa, watu wapatao 15,000 walikufa kwa joto la siku chache, na wengi wao walikuwa wazee. Waliokuwa wakilala vyumba vya juu kabisa, chini ya paa, walikuwa katika hatari kubwa kuliko wengine. Nasi tunaolala chini ya bati lisilo na dari, tuyatafakari hayo.

Mambo ya kufanya

Kwanza, lizuie joto lisiingie. Mchana, jua likiwa kali, funga madirisha na uteremshe mapazia upande upigwao na jua. Jioni, nje pakipoa, fungua madirisha ya pande zote mbili ili hewa ipite. Yawekwe nondo kwa ajili ya wezi, na wavu wa waya kwa ajili ya mbu.

Pili, weka dari, hata ya mikeka, ukiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Lakini isiwe karibu na moto wala taa. Kulipaka bati rangi nyeupe husaidia pia, maana rangi hiyo hurudisha mwanga wa jua. Mwenye kukinga maji ya kunywa ahakikishe kwamba rangi haina risasi.

Tatu, panda mti upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo linaloziacha kuta na moto wakati wa kulala. Mwembe hufaa, kwa kuwa majani yake hayapukutiki yote wakati wa kiangazi, na matunda huuzwa.

Nne, usipike katika chumba cha kulala. Kabla ya kulala, lowesha uso, mikono na miguu kwa kikombe kimoja cha maji. Twajua maji hutoka mbali. Kikombe hicho chatosha.

Tano, mtoto asifungwe kwa mablanketi mazito. Aliye chini ya miezi sita asipewe maji, bali anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Sita, mtu asilale nje juu ya ardhi wala bila chandarua. Nyoka na nge nao hutembea usiku. Anayelala nje apate kitanda na chandarua.

Dalili za hatari

Mtu akipata homa kali, akasema maneno yasiyoeleweka, akaanguka au akashikwa na kifafa, msingoje kuche. Mtoeni penye hewa, mvueni nguo nzito, mloweshe mwili maji na mmpepee, huku mkitafuta njia ya kumpeleka hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Dari haiwekwi usiku ule wa joto, wala mti haukui kwa wiki moja. Watu wa Ukambani wanaijua mwethya, na kwa umoja huo wamechimba matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nguvu hiyo hiyo yaweza kuweka dari na kupanda mwembe katika kila boma kabla majira ya joto hayajarudi. Na waanzie kwenye nyumba ya mzee anayeishi peke yake.