ALIJUA MENGI BILA KUSOMA

Ndugu msomaji, je, mtu asiyejua kusoma hana elimu? Soma kwanza habari hii, halafu ujibu.

Allan Fakir alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Sindh. Leo jimbo hilo liko kusini mwa nchi ya Pakistan. Mto mkubwa wa Indus unapita humo mpaka baharini. Wenyeji wake ni Wasindhi, na lugha yao ni Kisindhi.

Mama yake alifariki Allan akiwa bado mtoto mchanga. Ukoo wao ulikuwa wa wapiga ngoma na waimbaji wa harusini. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa chakula. Lakini Allan alipenda nyimbo za huzuni. Baba yake hakupendezwa hata kidogo. Harusini watu wanataka furaha, siyo machozi!

Allan akaondoka nyumbani. Akafika Bhit Shah, kwenye kaburi la Shah Abdul Latif. Huyu alikuwa mshairi mkubwa wa Kisindhi, aliyefariki mwaka 1752. Hapo kaburini mafakiri huimba mashairi yake. Fakiri ni mtu aliyeacha tamaa ya mali ili amkumbuke Mungu.

Allan alikaa hapo miaka mingi. Hakujua kusoma. Basi alijifunza kwa masikio. Alisikiliza, akarudia, akashika. Mashairi mengi yakakaa kichwani mwake.

Msomi mmoja, Mumtaz Mirza, aliiona akili hiyo, wala hakuidharau. Alimsaidia kuingia redioni na katika televisheni. Mashairi ya kaburini yakasikika nchi nzima. Mwaka 1980 serikali ya Pakistan ilimpa nishani. Alipata hata kazi katika Chuo Kikuu cha Sindh!

Allan alifariki mwaka 2000. Sauti yake haikuzikwa naye, maana ilikwisha rekodiwa.

Na sisi je? Kijijini kwetu wako wazee wenye nyimbo, hadithi na dawa za miti vichwani mwao. Wakifa, vyote vinakwenda nao. Wewe sasa una kalamu. Chukua daftari, mwendee mzee, mwamkie, kisha umwombe akufundishe. Andika anayosema.

MASWALI

1. Kwa nini baba hakupenda nyimbo za Allan?
2. Allan alijifunzaje mashairi?
3. Ni mzee gani utakayemwendea wiki hii? Andika wimbo mmoja atakaokuimbia.